Perege wangu wamegoma kukua: je, niliuziwa mbegu mbaya?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mama mfugaji, naishi juu kidogo ya Tukuyu. Mwezi wa tatu nilipandikiza vifaranga 1,000 vya perege kwenye bwawa la mita 10 kwa 15. Shemeji yangu wa Kyela alichukua vifaranga siku ileile, kwa mtu yuleyule. Mwezi wa kumi na moja yeye kavua samaki wa kujaza sahani. Wangu hawazidi kiganja, na bwawa limejaa vitoto visivyo na idadi. Juzi nimeshika jike mwenye urefu wa kidole cha kati, mayai yamemjaa mdomoni! Majirani wanasema niliuziwa mbegu ya samaki wafupi. Maji ninayo mengi, yanatoka mlimani na kupita bwawani usiku na mchana. Je, ni kweli samaki wanaweza kugeuka kuwa ukoo wa wafupi? Niwatoe wote nianze upya, au nichague hao hao wachache nizalishe?

JIBU: Marahaba, mama. Ndaga fijo, yaani asante sana, kwa kuandika kwa kirefu, maana wengi huniuliza "samaki hawakui, nifanyeje?" kisha wananyamaza kama mgonjwa anayetaka daktari abahatishe. Wewe umenipa vipimo vya bwawa, idadi ya vifaranga, na zaidi ya yote umenitajia shemeji yako.

Huyo shemeji ndiye anayewatoa majirani zako kwenye hoja. Mbegu moja, siku moja, muuzaji mmoja, kisha mabwawa mawili yaliyo mbalimbali: hilo ni jaribio kamili, na mmelifanya bila kujua. Kama mbegu ingekuwa ya samaki wafupi, wa Kyela nao wangekuwa wafupi. Hawakuwa. Basi kwa msimu huu muuzaji wako hana kosa. Nasema "kwa msimu huu" kwa makusudi, nitarudi hapo, kwa sababu swali lako la mwisho ndilo la hatari kuliko yote uliyoandika.

Tuanze na maji. Kuku ana joto lake mwenyewe. Mweke Makete kwenye baridi au Matema kwenye joto, damu yake ina joto lilelile, ilimradi ale. Samaki hana moto wa ndani. Joto la maji ndilo joto la mwili wake, na ndilo linaloamua tumbo lisage kwa kasi gani na nyama ijengeke kwa kasi gani. Perege wa kufugwa, yule sato tuliyemzoea, hukua vizuri kabisa maji yakiwa kati ya nyuzi 29 na 31. Maji yakiwa nyuzi 22, ukuaji wake unakuwa kama theluthi moja tu ya ule. Yakishuka chini ya 20 anaacha kuzaa, yakifika 17 hivi anaacha kula, na yakikaa kwenye 10 au 11 kwa siku kadhaa anakufa.

Sasa pima mwenyewe. Kyela iko karibu na mita 500 juu ya usawa wa bahari, Tukuyu iko kwenye mita 1,500. Kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Shemeji yako hajakushinda kwa bidii, amekushinda kwa mteremko. Tena wewe ulipandikiza mwezi wa tatu, ukaingia nao kwenye mvua za masika, kisha kwenye kipupwe cha mwezi wa sita na wa saba. Samaki wako walipaswa kuwa kwenye kasi yao kubwa ya ujana, badala yake wakakaa miezi mitatu minne wakiwa kama mtu anayeota moto uliozimika.

Na juu ya baridi ya mahali, umeongeza baridi ya kujitakia. Uliandika kwa fahari kwamba maji ya mlimani yanapita bwawani usiku na mchana. Mama, hapo ndipo nilipoiweka kalamu chini. Wafugaji wengi wa Rungwe hufanya hivyo, na sababu yao naielewa: maji ni mengi, na maji yanayotembea huonekana safi. Lakini perege si trauti. Trauti, yule aliyeletwa kwenye mito yetu ya milimani enzi za ukoloni, anataka maji ya baridi yanayokimbia. Perege anataka maji yaliyotulia, yaliyoota jua, yenye rangi ya kijani. Ule ukijani ni mwani mdogo usioonekana mmoja mmoja kwa macho, na ndio malisho yake. Utumbo wa perege ni mrefu mara nyingi kuliko mwili wake, kama wa ng'ombe mla nyasi, na tumbo lake lina asidi kali inayovunja hata mwani mgumu. Wewe kila usiku unafungua mlango na kulitoa shamba lake la chakula mtoni, pamoja na joto lililoingia mchana, pamoja na mbolea uliyotia.

Nisijifanye mjuzi wa siku zote. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilimwambia mzee mmoja wa upande wa Njombe atupe samaki wake wote akanunue mbegu mpya, kwa kuwa walikuwa wamedumaa. Akanunua. Wakadumaa na hao. Aliponiita tena alikuwa ameshanyamaza tu, hasira imeisha, ndipo nikatoa kipimajoto mfukoni kwa mara ya kwanza. Maji ya asubuhi yalikuwa nyuzi 16. Tangu hapo sisemi neno juu ya mbegu kabla sijapima maji.

Sasa tuje kwa yule jike wa kidole kimoja, maana ndiye aliyekushtua. Unajiuliza mtoto anawezaje kuzaa. Jibu ni kwamba si mtoto. Ni mtu mzima aliyefupika.

Kuku au mbuzi ana kimo chake, akikifikia, anasimama. Samaki hana kimo cha kusimamia kwa namna hiyo, anaendelea kukua kadiri maji na chakula vinavyomruhusu, na kimo cha kuanza kuzaa nacho kinapanda na kushuka. Katika maziwa kadhaa ya Afrika Mashariki, sato huanza kuzaa akiwa na miezi 10 hadi 12 na uzito wa gramu 350 hadi 500. Chukua samaki wa ukoo huohuo, uwaweke kwenye bwawa zuri la kufugia: wataanza kwa miezi 5 au 6, wakiwa na gramu 150 hadi 200. Wabane, wapoze, uwanyime chakula: watachelewa mwezi mmoja au miwili tu, kisha watazaa wakiwa hata chini ya gramu 20. Rosemary Lowe-McConnell, Mwingereza aliyekuja Ziwa Nyasa mwaka 1945 kuwachunguza perege upande wa Malawi na baadaye akafanya kazi Jinja, Uganda, ni mmoja wa walioliona jambo hili mapema: perege wa maji madogo huzaa wakiwa wadogo kuliko ndugu zao wa maziwani.

Kwa nini mwili ufanye hesabu kama hiyo? Fikiria asili ya hawa samaki. Wametoka kwenye mito na mabwawa ya mafuriko ambayo leo yapo, kesho yamekauka au yameingiliwa na ndege. Samaki aliyesubiri anenepe kwanza, dimbwi lilikauka naye tumboni ana mayai mabichi. Aliyezaa mapema, hata akiwa kidole, aliacha watoto. Sisi tunafuga wajukuu wa yule wa pili. Perege haamui kwa akili. Mwili ukiona chakula ni kidogo na ukuaji umekwama, kile kidogo kinachopatikana kinapelekwa kwenye mayai badala ya minofu.

Linganisha na mbasa wa Nyasa. Yeye hupanda mito kutaga kwenye changarawe, anamwaga mayai na kuondoka. Usalama wa watoto wake uko kwenye wingi. Perege hutaga machache lakini anayabeba kinywani, na vitoto vikishaanguliwa navyo hurudi humo humo vikiona hatari. Jike wa gramu 100 ana mayai 100 hivi tu. Wa gramu 600 hadi 1,000 ana 1,000 hadi 1,500. Kidogo, utasema. Lakini kwa kuwa yamelindwa, mengi yanakuwa samaki, na maji yakiwa ya joto anaweza kurudia kila wiki nne hadi sita. Kumbuka pia kwamba akiwa amebeba hali chochote, na ule mfungo unaweza kufika wiki mbili. Akitema watoto, anakula kidogo, anaanza tena. Atakua saa ngapi? Ndiyo maana dume wa umri uleule humzidi kwa mbali.

Kwa hiyo bwawa lako, mama, lilijaa hivi: kipupwe kiliwabana wasikue. Mwezi wa tisa jua likarudi, maji yakapanda juu ya nyuzi 22 za mchana, na wale wafupi wakazaa. Watoto wakala chakula cha wazazi, wazazi wakabanwa zaidi. Ulianza na samaki 1,000 kwenye mita za mraba 150, yaani karibu 7 kwa kila mita, wakati kwa bwawa la samadi na pumba 2 au 3 wanatosha. Sasa huenda wamefika 30 kwa mita, sijui, na wewe hujui. Uzito wote wa samaki bwawani pengine si mdogo sana. Umegawanywa tu kwa vinywa vingi mno.

Nimefika kwenye swali ulilolitia katikati kana kwamba ni la kupita, na mimi ndilo lililonifanya niandike kurasa zote hizi. Je, samaki wanaweza kugeuka ukoo? Wanaweza, na huna haja ya kwenda mbali kuona. Shuka kutoka Tukuyu hadi Ziwa Masoko, ambalo wengine huliita Kisiba. Watu wengi wanalijua kwa hadithi za fedha za Wajerumani zilizozama humo. Mimi nalijua kwa hazina nyingine.

Masoko ni shimo la volkano lililojaa maji, kipenyo chake kama mita 700, kina zaidi ya mita 35. Ndani yake yupo samaki mdogo wa ukoo mmoja mpana na perege, ambaye kisayansi huitwa Astatotilapia calliptera. Ndugu zake wako kwenye mito na kingo za Nyasa. Mwaka 2015 watafiti wa ng'ambo pamoja na wenzetu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, walichapisha walichokikuta. Karibu na ufuko, madume ni wa manjano. Chini ya mita 20, kwenye mwanga hafifu, madume ni wa buluu iliyokolea. Wa juu wanakula wadudu wa ufukoni, wa chini wanakula viumbe vidogo vinavyoelea majini. Mataya yao yameanza kupishana. Hata jeni za jicho zinazohusika na kuona kwenye mwanga mdogo zimetofautiana. Walipowajaribu, majike walielekea kupandana na madume wa kundi lao, ingawa si kwa ukali wa sheria. Na makundi haya mawili yameachana ndani ya miaka 1,000 hivi iliyopita, kwenye ziwa moja ambalo unaweza kulizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa sana. Hakuna ukuta, hakuna maporomoko kati yao. Kuna kina tu, na mwanga, na chakula.

Miaka 1,000 ni mingi kwako? Huko Trinidad, mwaka 1976, mtafiti John Endler alichukua gapi, samaki wadogo ambao watu huwafuga kwenye vioo, akawatoa sehemu ya mto wanapoliwa sana wakiwa wakubwa, akawapeleka sehemu ya juu ambako adui aliyepo hula zaidi wadogo. Baada ya miaka 11 David Reznick na wenzake walilea wajukuu wa samaki hao maabara, mbali na mto wote. Walikuwa wanapevuka wakiwa wakubwa zaidi na kwa kuchelewa, kuliko wale wa walikotoka. Hapo si maji tena yanayosema, ni damu. Palipokuwa na mla wakubwa, waliobaki na kurithisha ni wale wanaowahi kuzaa wakiwa wadogo.

Mama, kwenye bwawa lako, mla wakubwa ni nani?

Ni wewe na wavu wako. Kila Jumamosi unatoa walio wakubwa kwa mboga na kwa wateja. Wanaobaki ni wafupi, nao ndio wazazi wa msimu ujao. Ukifanya hivyo mwaka mmoja, hakuna madhara ya kutisha. Ukifanya miaka mitano sita, ukiwagawia na majirani vifaranga, ndipo maneno ya majirani yatakapokuwa kweli: utakuwa na mbegu fupi, na ukiipeleka Kyela nako itakuwa fupi. Kinyume chake pia ni kweli. Mradi ulioanza Ufilipino mwaka 1988 ulikusanya sato kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal, ukawachagua wazazi waliokua haraka kizazi baada ya kizazi; kizazi cha tano kilikua kwa kasi iliyozidi ile ya mwanzo kwa asilimia 85 hivi. Samaki walewale wa Afrika, ila kwa mkono uliochagua upande wa pili.

Basi jibu la "nichague hao hao wachache nizalishe?" ni hapana. Si kwa sababu damu yao ni mbaya leo, bali kwa sababu huwezi kujua kati yao yupi amefupishwa na baridi na yupi ni mfupi wa kuzaliwa. Wote wanafanana kwenye kiganja. Wauze, wakaange, wape kuku. Kausha bwawa mpaka tope lipasuke, maana perege mmoja aliyejificha kwenye kidimbwi na mayai kinywani anatosha kukurudisha ulipo.

Kisha funga mfereji. Maji yaingie ya kufidia tu yaliyokauka na kunywewa na ardhi. Punguza migomba inayotia kivuli bwawani upande wa jua la asubuhi. Parachichi najua hutakubali kukata, wala sikulazimishi, zina bei. Tia samadi, usubiri ukijani. Ingiza mkono bwawani hadi kwenye kiwiko: kiganja kikianza kupotea machoni kwenye kina hicho, maji yako ni malisho. Kikipotea kwenye kifundo cha mkono, umezidisha samadi, na alfajiri utawakuta samaki wanahema juu ya maji, kwa sababu usiku mwani nao huvuta oksijeni ileile.

Pandikiza mwezi wa tisa, siyo wa tatu, ili miezi ya joto yote iwe ya ukuaji na kipupwe kikute samaki wameshapita ujana. Nunua 300 hadi 400, na ukiweza wawe madume watupu. Ukikosa, walee wa kawaida hadi wafike gramu 20 au 30, kisha wageuze tumbo juu mmoja mmoja uwatenge: dume ana matundu mawili, jike ana matatu, la katikati likiwa kama mkato mdogo. Utakosea kwa baadhi. Weka kambale wachache wakati perege wameshakuwa wakubwa wa kutomezeka, watakusafishia watoto wa makosa yako. Hata hivyo usitegemee sahani ya shemeji kwa miezi minane. Kwa kimo cha mlima wako, mwaka mzima kwa samaki wa gramu 200 nitauhesabu ni ushindi.

Na hili nakuomba kama jirani wa mto. Maji yako yanapotoka yanaishia Ziwa Nyasa, ziwa lenye spishi za samaki zaidi ya 500, wengi wao hawapo pengine popote. Sato si mwenyeji wa maji hayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulishamkuta kwenye bonde la Nyasa, na perege wa kigeni wakikutana na wenyeji huzaa nao machotara. Hapo kwenu Rungwe kuna kiziwa cha volkano, Kiungululu, chenye perege wake ambaye hapatikani mahali pengine duniani. Ndoo moja ya vifaranga vilivyozidi, ikimwagwa humo kwa nia njema, inatosha kumwondoa. Kwa hiyo mdomo wa kutolea maji uwe na wavu wa matundu madogo, na vifaranga vinavyozidi viliwe.

Kabla hujanunua kifaranga hata kimoja, tafuta kipimajoto, kifunge kwenye kamba, kishushe nusu mita. Soma saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri, siku saba mfereji ukiwa wazi na siku saba ukiwa umefungwa. Niandikie namba hizo zote, hata zile zisizopendeza.